Mvua Inaosha Nini? Maji ya Mitaro ya Dar es Salaam na Safari Yake Hadi Baharini

Kila masika Dar es Salaam huuliza swali moja: maji yamejaa wapi? Jangwani panapitika? Mabasi ya mwendokasi yanafika Kimara? Kigogo wameamkaje? Ni swali la haki, maana mvua za jiji hili zinaua. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliondoka na watu takriban 40, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Lakini maji yakishapungua na lami ikaonekana, maswali nayo yanakauka. Ni nadra mtu kuuliza yale maji yalibeba nini, na mzigo huo umetuliwa wapi.

Mzigo huo ndio ninaotaka kuufungua hapa. Niseme mapema ninachokiamini: jiji linalopima mitaro yake kwa kasi ya kuondoa maji barabarani tu litaendelea kuchafua visima vyake, mito yake na bahari yake hata siku litakapoyamaliza mafuriko. Kuzuia mafuriko na kulinda ubora wa maji ni kazi mbili. Zikipangwa pamoja zinasaidiana. Kila moja ikipangwa kivyake, zinagombana.

Lita 5,000 kutoka paa moja

Milimita moja ya mvua ikiangukia mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Hesabu ni hiyo tu, na inatosha kueleza mengi. Chukua nyumba yenye paa la mita za mraba 100. Ikinyesha milimita 50, kiasi ambacho masika inaweza kuleta kwa siku moja bila kutangazwa kwenye taarifa ya habari, bati hilo linamwaga lita 5,000. Ni tangi kubwa jeusi la plastiki limejaa mpaka mdomoni. Nyumba 200 za namna hiyo katika mtaa mmoja zinamwaga lita milioni moja, kabla hujahesabu ua uliosakafiwa, barabara ya lami na eneo la kuegesha magari la baa ya jirani.

Zamani, mtaa huo ulipokuwa mashamba ya mikorosho na minazi, sehemu kubwa ya maji ingezama mchangani, nyingine ingenywewa na mizizi, nyingine ingebaki juu ya majani mpaka jua liikaushe. Kwenye nyasi tambarare zilizoota juu ya mchanga, wahandisi hukadiria kuwa kinachotiririka ni sehemu ndogo sana ya mvua yote. Kwenye bati au lami hukadiria robo tatu na zaidi. Kwa hiyo mji unapokua, mvua inaweza kubaki ileile huku maji yanayoingia mtoni yakiongezeka mara kadhaa, tena yakifika yote kwa pamoja. Dar es Salaam ilihesabiwa watu milioni 4.36 mwaka 2012 na milioni 5.38 mwaka 2022. Watu milioni moja walioongezeka ndani ya miaka kumi wamekuja na mabati yao na zege lao, na kila bati limeongeza kitu mtaroni.

Maji yanayofika kwa pamoja yana nguvu ya kula kingo. Ndiyo maana nyumba iliyojengwa hatua 30 kutoka mtoni inajikuta baada ya misimu michache ikiwa ukingoni kabisa, na ndiyo maana maji ya Mto Msimbazi wakati wa mvua yana rangi ya udongo. Huo udongo ni uchafuzi wa kwanza, na ni rahisi kuudharau kwa kuwa tumeuzoea.

Mvua ya kwanza ndiyo chafu zaidi

Wakati wa kiangazi mji unaweka akiba. Matone ya oili chini ya magari na bodaboda, oili iliyomwagwa nyuma ya gereji bubu, vumbi la tairi na la breki, kinyesi cha mbuzi, kuku na mbwa, majivu, maganda, mifuko, mbolea ya bustani, kutu ya mabati. Vyote vinasubiri. Milimita chache za mwanzo za mvua ndizo zinazovisomba. Zinazofuata zinaosha sehemu ambayo imekwisha kuoshwa.

Hapa pana jambo ambalo wapangaji wa mji wanalijua, ila halijafika kwenye mazungumzo ya kawaida. Mvua inayofurika na mvua inayochafua si lazima iwe mvua moja. Mvua ndogo ya kwanza ya vuli, ile ya Oktoba ambayo haimzuii mtu kwenda kazini, kila lita yake inaweza kuwa chafu kuliko lita ya mafuriko ya Aprili. Ukijenga mtaro kwa ajili ya Aprili pekee, hujaigusa Oktoba.

Baadhi ya vitu katika akiba hiyo vina sumu ambayo hata wataalamu walichelewa kuifahamu. Katika jimbo la Washington, Marekani, samoni aina ya coho walikuwa wakifa kwa miaka mingi kila mvua inaponyesha, na sababu haikujulikana. Mwaka 2020 watafiti walimpata mhalifu: kemikali inayowekwa kwenye tairi ili mpira usipasuke mapema, ambayo ikikutana na ozoni ya hewani inageuka kuwa sumu kali kwa samaki hao. Tairi zinasagika kwenye Barabara ya Morogoro kama zinavyosagika Seattle.

Zinki hutoka kwenye mabati na tairi, shaba kwenye breki, risasi na kromu kwenye taka za viwandani, betri na rangi. Madini haya hayaozi. Yanajishika kwenye chembe za tope na kutulia pale tope linapotulia, na katika bonde la Msimbazi tope hilo ndilo shamba la mchicha na matembele. Watafiti wa Tanzania wamepima udongo na mboga za mabonde ya Dar es Salaam kwa nyakati tofauti, na wamekuta madini mazito humo. Mkulima wa bondeni hakuyaweka yeye. Aliletewa na mvua kutoka kwa watu wasiomfahamu.

Choo nacho ni sehemu ya mvua

Vitabu vingi vya uhandisi vinavyoeleza maji ya mvua mijini viliandikwa katika nchi ambako kinyesi kina bomba lake. Dar es Salaam mabomba ya majitaka yanahudumia sehemu ndogo tu ya wakazi, hasa katikati ya jiji na maeneo machache yaliyopimwa zamani. Waliobaki, ambao ndio wengi mno, wana choo cha shimo au karo. Kwa hiyo huku kwetu huwezi kuzungumzia ubora wa maji ya mvua ukaruka choo. Ukiruka, umezungumzia nusu iliyo rahisi.

Shimo likijaa, kuna gari la kunyonya. Gari hilo linahitaji barabara, nayo mitaa mingi ya Manzese, Tandale, Vingunguti na Keko ina vichochoro ambavyo hata bajaji hupita kwa shida. Likifika, lina bei, na mpangaji anayelipa chumba kwa mwezi haoni kwa nini alipie shimo la mwenye nyumba, huku mwenye nyumba akiishi kwingine. Ndipo inapokuja njia ambayo kila mkazi wa uswahilini anaijua: kutapisha. Usiku mvua ikikolea, ubavu wa shimo unatobolewa au kizibo kinaondolewa, na kinyesi kinaondoka na maji kupitia mlangoni kwa jirani hadi mtaroni, na kutoka mtaroni hadi mtoni. Sheria inakataza. Maafisa afya hutoza faini. Na bado kila masika inatokea, kwa sababu ni njia pekee isiyo na gharama kwa anayetapisha, na gharama yake yote inabebwa na aliye chini ya mteremko.

Wengine hawatapishi ila mashimo yao yanajitapikia yenyewe. Maeneo ya chini yenye maji ya ardhi yaliyo karibu na uso, mvua ikizidi, maji hupanda kutoka chini na kulijaza shimo mpaka likamwaga. Na hata katikati ya jiji, palipo na bomba, mtu anayeona maji yamejaa barabarani huinua mfuniko wa chemba ya majitaka ili yapate pa kuingilia. Bomba lile halikujengwa kubeba mvua. Linazidiwa, na chemba ya mtaa wa chini inafumuka.

Matokeo yake yanaonekana hospitalini. Mlipuko wa kipindupindu ulioanzia Dar es Salaam Agosti 2015 ulisambaa hadi mikoa mingi ya nchi. Maji ya kunywa salama hayatakiwi kuwa na kijidudu hata kimoja cha E. koli, bakteria wa kinyesi, katika mililita 100. Kisima kifupi kilicho hatua chache kutoka shimo la choo kwa kawaida hakitimizi kipimo hicho wakati wa masika, na visima ni vingi jijini, kwa sababu maji ya Mto Ruvu hayajawahi kutosheleza kila mtaa kila siku. Katika ukame wa mwishoni mwa 2022, mgao ulipobana, watu wengi zaidi walirudi visimani. Kwa hiyo maji tunayoyafukuza kwa haraka yakiwa machafu ndiyo hayohayo tunayoyatafuta chini ya ardhi miezi sita baadaye.

Mto mmoja unaobeba hesabu yote

Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe. Unapata vijito vya Kinyerezi, Luhanga, Ubungo na Sinza, unapita Tabata, Vingunguti, Kigogo na Jangwani, kisha unaingia Bahari ya Hindi penye Daraja la Salenda. Ni mto mfupi, kiasi cha kilomita 35, lakini ni vigumu kutaja aina ya uchafu wa mjini ambayo haijapita humo. Vingunguti pana mabwawa ya kutibu majitaka, machinjio na viwanda kando ya bonde. Tabata palikuwa na dampo kuu la jiji hadi wakazi walipokwenda Mahakama Kuu mwaka 1988 wakalalamikia moshi na harufu, wakashinda. Ushindi ule ulikuwa mkubwa katika historia ya haki ya mazingira nchini, na ni sahihi kuukumbuka. Ila baadaye dampo lilipelekwa Vingunguti, katika bonde lilelile. Leo taka rasmi zinakwenda Pugu Kinyamwezi, na zisizo rasmi zinakwenda kwenye mtaro wa karibu.

Juu kabisa, misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ilikuwa inashika maji kabla hayajawa mafuriko. Mkaa na makazi vimeila pembezoni. Udongo ulioachwa wazi unateremka, na unapofika Jangwani, ambapo mteremko unakwisha, maji yanapunguza mwendo na tope linatua. Kitanda cha mto kinapanda. Mto wenye kitanda kilichopanda hauhitaji mvua kubwa kufurika. Kituo cha mabasi ya mwendokasi kilichojengwa pale kimefurika mara nyingi tangu huduma ianze mwaka 2016. Waliolaumu daraja dogo la Jangwani walikuwa sahihi, na waliolaumu kituo kujengwa bondeni walikuwa sahihi zaidi, ila chanzo kimoja cha tope lile kiko kilomita nyingi juu ya daraja.

Tope jepesi lisilotua Jangwani linafika baharini. Matumbawe yanaishi kwa mwanga, maana ndani yake mna mwani mdogo unaotengeneza chakula kwa jua. Maji yakiwa ya udongo, mwanga haufiki. Mbolea na kinyesi vikiongezeka, mwani mwingine unashamiri na kuyafunika. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini zimekuwa hifadhi za bahari tangu 1975, lakini mstari wa hifadhi ramani­ni hauzuii maji ya mtaro. Kinachoyazuia kidogo ni mikoko iliyobaki pale mtoni: mizizi yake inapunguza kasi, tope na plastiki vinanasa. Inafanya kazi ambayo hakuna mkandarasi aliyelipwa kuifanya.

Mtaro wa zege unafanya nini

Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 300 kwa mradi wa kuendeleza jiji uliojulikana kama DMDP. Barabara za mitaa na mitaro mikubwa ikajengwa Kinondoni, Ilala na Temeke, ukiwamo mfereji wa Mto Ng'ombe. Mtu aliyeishi Sinza au Tandale kabla na baada yake hahitaji kushawishiwa faida yake. Nyumba zilizokuwa zinaingiliwa na maji kila mwaka zilipata ahueni.

Sibezi kazi hiyo hata kidogo. Ninachosema ni kwamba mtaro wa zege umepewa kazi moja ya kuhamisha maji, na unaifanya bila kuchagua. Kijito chenye majani na kona kilikuwa kinapunguza mwendo, kinaangusha tope, kinawapa bakteria wa udongo muda wa kula uchafu unaooza. Ukikinyoosha na kukisakafia, umeondoa mafuriko hapa na umeondoa pia usafishaji ule mdogo uliokuwa unafanyika bure. Kinyesi kilichotapishwa Tandale saa tisa usiku kinaweza kufika baharini kabla ya alfajiri. Halafu kutafuta ufumbuzi kwenye mdomo wa mto, kwa wavu wa kunasa chupa na kampeni za kusafisha ufukwe, ni kuchuja chai iliyokwisha kumiminwa kikombeni.

Kinachosaidia ni kumpa mhandisi wa mtaro sharti la pili. Mbali na kuuliza mtaro utabeba mita ngapi za ujazo kwa sekunde, aulize maji yatapumzika wapi kabla ya kuingia mtoni. Kupumzika ndiyo siri ya nusu ya kazi hii. Bwawa dogo la kutuliza tope kabla ya mtaro kuungana na mto linaweza kushika mchanga na sehemu ya madini mazito, kwa kuwa madini yamejishika kwenye chembe. Ardhioevu ya kutengenezwa, yenye matete na mafunjo, inaendelea pale bwawa linapoishia: mizizi inachukua nitrojeni na fosforasi, na vijidudu wanaoishi kwenye mizizi wanakula kinachooza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekuwa wakichunguza ardhioevu za namna hii tangu miaka ya 1990, hasa kwa majitaka, kwa hiyo ujuzi upo nyumbani. Sharti lake ni usafi wa mara kwa mara. Bwawa la tope lisilochimbuliwa linajaa, na mvua inayofuata inalikomba tope lote kwa mkupuo.

Funzo la Philadelphia, na mipaka yake

Mji unaotajwa sana katika jambo hili ni Philadelphia, Marekani. Sehemu kubwa ya mji ule, takriban asilimia 60, ina mabomba ya zamani yanayobeba majitaka na maji ya mvua katika njia moja. Mvua ikizidi, mchanganyiko unamwagika mitoni. Mwaka 2011 mji ulianza mpango wa miaka 25. Badala ya kutegemea kuchimba mahandaki makubwa ya kuhifadhi maji, uliamua kutumia zaidi bustani za kunywesha mvua, mashimo ya miti kando ya barabara, vibaraza vinavyopitisha maji na mapaa yenye mimea. Lengo ni kila eneo lililosakafiwa lishike milimita kama 25 za kwanza za mvua. Kwa hekta moja hiyo ni lita 250,000 zisizoingia kwenye bomba.

Kitu cha pili walichokifanya kinanivutia kuliko bustani. Walibadilisha ankara. Wenye majengo ya biashara walianza kulipia maji ya mvua kwa ukubwa wa eneo walilosakafia, badala ya kufuata ukubwa wa mita yao ya maji ya bomba. Eneo la kuegesha magari lisilo na hata koki moja likawa na bili. Na anayevunja zege akapanda bustani inayoshika maji anapunguziwa. Ghafla mvua ikapata mwenyewe.

Tukitaka kuiga, tuige kwa macho. Milimita 25 zinafaa sana Dar es Salaam kwa ubora wa maji, kwa kuwa siku nyingi za mvua hapa hazifiki kiasi hicho na mvua ya kwanza, iliyo chafu kuliko zote, ingeshikwa yote. Lakini hazitazuia mafuriko ya Aprili, na asiahidiwe mtu wa Kigogo kwamba zitayazuia. Tena kunywesha maji ardhini hakufai kila mahali. Kwenye mchanga ulioinuka, maji yanazama vizuri. Mikocheni na Msasani bonde, ambako ukichimba kidogo unakutana na maji, bustani ya kunywesha inageuka dimbwi la mbu. Na popote penye mashimo ya vyoo yaliyobanana na visima vifupi, kuzamisha maji zaidi kunaweza kusukuma uchafu kuelekea kisimani. Huko njia bora ni tangi juu ya ardhi, linalopokea maji ya bati baada ya yale ya mwanzo kumwagwa pembeni. Maji hayo yanatosha kufua, kuoshea choo na kumwagilia, na kila lita iliyomo tangini haiko mtaroni.

Kwa mitaa hiyo iliyobanana, uwekezaji wenye faida kubwa zaidi kwa ubora wa maji ya mvua ni unyonyaji wa vyoo wa bei nafuu. Pampu ndogo za mkono na vyombo vinavyopita vichochoroni vimejaribiwa jijini, pamoja na mitambo midogo ya kutibu kinyesi karibu na mtaa ili gari lisisafiri hadi Vingunguti. Nadhani halmashauri ikifidia bei ya kunyonya shimo katika wiki za kabla ya masika, ingezuia kinyesi kingi kuliko faini inavyoweza, maana faini inamfikia mtu baada ya mto kuchafuka.

Jaribio la Mto Mlalakua huko Kinondoni, lililoanza mwaka 2012, linaonyesha ugumu na uwezekano. Mto huo ni mdogo, unapita Makongo, Kawe na Mikocheni hadi baharini. Mashirika ya Ujerumani ya GIZ na BORDA, asasi ya Nipe Fagio, baraza la taifa la mazingira NEMC, Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, manispaa na kampuni kadhaa walikaa pamoja kuusafisha. Kuzoa taka ndiyo kulikuwa sehemu nyepesi. Sehemu ngumu ilikuwa kuhakikisha kwamba gari la taka linapita kila wiki, kwamba karo halina bomba la siri linaloelekea mtoni, na kwamba mjumbe wa mtaa anajua ampigie nani simu.

Nani mwenye mvua?

Maji ya bomba na majitaka ni ya DAWASA. Mtaro wa barabara ya mtaa ni wa TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Mtaro wa barabara kuu ni wa TANROADS. Taka zinazouziba ni za halmashauri, kibali cha jengo lililozidisha zege ni cha halmashauri pia. Mto ni wa bodi ya bonde. Uchafuzi ni wa NEMC. Kila ofisi inaweza kufanya kazi yake vizuri na tone la mvua likapita katikati yao wote likiwa chafu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Mpango mji wa 1979 nao uliyahesabu mabonde kuwa ardhi ya hatari. Watu walijenga humo kwa sababu ardhi nyingine iliyo karibu na kazi haikupatikana kwa bei yao, na bomoabomoa bila mahali pa kwenda imewarudisha wengi palepale.

Mradi mpya wa Bonde la Msimbazi umejaribu kuyaunganisha haya. Mpango wake ulichorwa kwa vikao vya wakazi, wahandisi na ofisi za serikali, ukakamilika mwaka 2019, na mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200, pamoja na fedha za Uholanzi na Hispania. Unahusu daraja jipya la Jangwani, kupanua mkondo, kuhamisha karakana ya mabasi, kuwalipa fidia na kuwahamisha walio kwenye hatari, kuigeuza sehemu ya bonde kuwa bustani ya umma, na kupunguza mmomonyoko huko juu. Daraja litaonekana na litazinduliwa. Hofu yangu ni kwa yale yasiyo na utepe wa kukata: miti ya Kisarawe, mitego ya tope, vyoo vya Vingunguti. Bila hayo mkondo uliopanuliwa utajaa tena, na bustani itamwagiliwa na maji ambayo mtoto hapaswi kuyagusa.

Sehemu ya kuanzia ambayo haisubiri mkopo ni kibali cha ujenzi. Kituo cha mafuta, ghala, eneo la maduka na shule binafsi yenye uwanja wa zege ni wachache ukilinganisha na nyumba, ni wakubwa, na wanafahamika. Kila kibali kipya cha eneo la namna hiyo kiwe na sharti la kushika milimita 25 za kwanza ndani ya kiwanja, na penye mafuta pawe na chemba ya kutenganisha mafuta kabla ya maji kutoka nje.

La pili ni kupima. Tangu 2015 vijana wa Ramani Huria, wengi wao wanafunzi wa vyuo vya jijini, wametembea mtaa kwa mtaa wakichora mitaro na makalavati kwenye ramani ya wazi. Kwa hiyo tunajua mitaro mingi inapita wapi. Ramani ile inaweza kuongezewa vipimo vya kiasi cha tope majini, oksijeni na E. koli katika madaraja manne au matano, kuanzia Pugu hadi Salenda, matokeo yakibandikwa ofisi ya kata na kutumwa kwa simu. Vipimo hivyo vichukuliwe ndani ya nusu saa ya kwanza ya mvua ya kwanza ya vuli, kabla akiba ya kiangazi haijafika baharini, kisha virudiwe katikati ya masika ili tofauti ionekane kwa namba.